Mdudu Ndani ya Mashine: Asili na Maana za Neno "Bug" kwa Mchina Anayejifunza Kiingereza

Leo naweka msimbo kando kidogo. Nataka tuzungumze juu ya neno moja tu la Kiingereza, neno fupi la herufi tatu ambalo sisi tunaoandika programu hulitamka kutwa kucha: "bug".

Kwa nini neno hili? Kazini naandika programu pamoja na wenzangu kadhaa kutoka China. Lugha inayotuunganisha ni Kiingereza, na baadhi yao wangali wanajifunza. Juma moja mwenzangu alikutana na neno hilo mara tatu. Kwanza lilikuwa kwenye ripoti ya programu yetu. Kisha bosi akatuma ujumbe kwamba hatakuja kazini, ameshikwa na "bug" ya tumbo. Halafu akasoma habari ya wapelelezi waliokutwa wameficha "bug" chini ya meza. Kamusi yake ilimpa jibu moja tu: chouchong, yaani kunguni. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Bosi ana kunguni tumboni?"

Nilicheka, lakini swali lenyewe ni la maana. Neno moja limewezaje kuwa mdudu, ugonjwa, kinasa sauti na kosa la kompyuta? Nimelifuatilia, na historia yake imenifurahisha kiasi kwamba naona ni uchoyo kukaa nayo peke yangu.

Kabla ya mdudu palikuwa na zimwi

Jambo la kwanza litakushangaza, ndugu msomaji. Neno hili halikuanza na mdudu. Katika Kiingereza cha karne ya 14 liliandikwa "bugge", na maana yake ilikuwa kitu cha kutisha: zimwi, jinamizi, au ile sanamu ya matambara inayosimamishwa shambani kutishia ndege. Kwa maana hiyo ya sanamu ya shambani limo katika Biblia ya Kiingereza ya wafuasi wa John Wycliffe, ya mwishoni mwa karne hiyo. Wapo wataalamu wanaolihusisha na neno la Kiwelshi "bwg", yaani mzuka.

Mwaka 1535 Myles Coverdale alichapisha Biblia nzima kwa Kiingereza. Alipofika Zaburi ya 91, mstari wa 5, pale mwenye kumtegemea Mungu anapoambiwa asiogope vitisho vya usiku, yeye alitumia neno hili hili. Kwa Waingereza wa wakati huo ilieleweka vizuri tu: usiogope mazimwi ya usiku. Kwa msomaji wa leo inasomeka kama ahadi ya kukingwa na kunguni kitandani. Ndiyo maana hadi leo tafsiri hiyo hutaniwa kwa jina la "Biblia ya Bug". Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 haina neno hilo hapo, ina linalomaanisha hofu.

Mabaki ya maana hiyo ya kale bado yapo. Kiingereza kina neno "bugbear", kitu kinachomtia mtu hofu au kero isiyokwisha. Mwanafunzi akilivunja vipande viwili atapata "mdudu" na "dubu", asielewe kitu. Kipande cha kwanza si mdudu, ni zimwi la kale lililosahauliwa na wenyewe.

Kunguni wa London

Katika karne ya 17 neno likaanza kutumika kwa wadudu. Ukifikiri kidogo, njia si ndefu. Kinachokuja gizani usikione, kikusumbue usingizini, uamke asubuhi ukiwa na alama mwilini: ni zimwi au ni kunguni?

Kwa muda mrefu kule Uingereza neno lilimhusu hasa kunguni wa kitandani. Mwaka 1730 bwana mmoja wa London, John Southall, alichapisha kitabu kizima juu ya viumbe hao. Alikuwa akiuza dawa ya kuwaua, na mwenyewe alisimulia kwamba siri ya dawa hiyo alipewa na mzee Mwafrika aliyekutana naye Jamaica. Samuel Johnson naye, katika kamusi yake maarufu ya mwaka 1755, alilieleza neno hili kuwa ni mdudu anayenuka, azaliwaye katika vyombo vikuukuu vya nyumbani.

Sasa tazama. Lile neno la Kichina katika kamusi ya mwenzangu, chouchong, limeundwa kwa vipande viwili: chou ni kunuka, chong ni mdudu. Mdudu anayenuka! Kumbe kamusi yake haikuwa na kosa. Ilikuwa imechelewa tu, imebaki na Johnson katika karne ya 18. Wamarekani ndio waliolipanua neno likawa mdudu yeyote yule, na Kiingereza cha Marekani ndicho kilichokuja kuingia katika mashine.

Mdudu aingia kwenye mashine

Wengi wetu darasani tulisimuliwa hivi: mdudu halisi aliingia katika kompyuta, akaiharibu, ndipo makosa ya kompyuta yakaitwa "bug". Hadithi ni tamu, na nusu yake ni kweli. Nusu nyingine imepinduliwa kichwa chini.

Iliyo kweli ni hii. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo, yule mdudu mfano wa kipepeo apendaye taa, amenaswa ndani ya rilei namba 70. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, na chini yake wakaandika kwamba hii ni mara ya kwanza "bug" wa kweli kupatikana. Daftari hilo, pamoja na nondo wake, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian nchini Marekani. Grace Hopper, mwanahisabati na mwanajeshi wa majini aliyefanya kazi na mashine hiyo, alipenda sana kusimulia kisa hiki, ndiyo maana watu wengi hudhani yeye ndiye aliyemkuta mdudu.

Lakini hebu yasome tena maneno yale ya daftarini: "bug" wa kweli. Utani huo haunogi ila kwa watu ambao tayari wanayaita makosa "bug". Kama mtu akimwita mwizi "panya", kisha siku moja amkute panya halisi dukani, ndipo atacheka na kusema, leo nimempata panya wa kweli.

Na hakika neno lilikuwa limeshazoeleka. Mwaka 1878 Thomas Edison aliandika barua kueleza jinsi uvumbuzi unavyoenda: kwanza wazo linakuja ghafla, kisha matatizo yanaanza, na ndipo "bug", yaani vile vikasoro na vikwazo vidogo vidogo, vinapojitokeza, na inachukua miezi ya kukesha kabla kitu hakijawa tayari. Mwaka 1889 gazeti la Pall Mall la London liliandika kwamba Edison amekesha siku mbili akimtafuta "bug" katika fonografu yake. Gazeti likaona lazima liwafafanulie wasomaji wake: ni msemo wa kueleza kutatua tatizo, kana kwamba kuna mdudu wa kufikirika aliyejificha ndani. Hata kitenzi "debug", kuondoa wadudu, kilikwishaandikwa mwaka 1945 kuhusu injini za ndege, miaka miwili kabla ya nondo wa Harvard.

Kwa hiyo nondo hakulizaa neno. Neno ndilo lililompa nondo umaarufu.

Maana za leo, moja baada ya nyingine

Kwa ajili ya mwenzangu, na kwa yeyote anayejifunza Kiingereza, nimezipanga hivi:

1. Mdudu mdogo yeyote. Hii ni lugha ya kawaida, hasa Marekani. Mwanasayansi wa wadudu ataitumia kwa kundi moja tu, lile lenye kunguni, vidukari na jamaa zao wenye mdomo wa kufyonza.

2. Ugonjwa mdogo wa kuambukiza, wa tumbo au mafua. Hapa Mswahili hana taabu, maana sisi nasi tunawaambia watoto wanawe mikono waue vijidudu.

3. Kinasa sauti kilichofichwa. Kashfa ya Watergate ilianza tarehe 17 Juni 1972, watu watano walipokamatwa katika ofisi za chama cha Democratic mjini Washington wakiwa na vifaa hivyo. Kichina hakitumii mdudu hapa. Husema qietingqi, chombo cha kusikiliza kwa wizi.

4. Kusumbua. "Don't bug me" maana yake usinisumbue. Mdudu amegeuka kitenzi.

5. Shauku inayomshika mtu. Mtu aliyeumwa na "bug" wa kusafiri hatulii nyumbani. Angalizo: hii ni sifa nzuri, usimpe pole.

6. Kosa katika programu au mtambo. Hii ndiyo yetu.

Ukizitazama zote utaona uzi mmoja umezifunga: kitu kidogo, kimejificha, kinasumbua au kinamshika mtu bila idhini. Maana ya kinasa sauti ni kitu kidogo kilichojificha. Maana ya ugonjwa ni hivyo hivyo. Mwanafunzi akiushika uzi huu hana haja ya kukariri sita zote.

Mdudu anapofika China

Hapa ndipo mambo yanaponoga. Alama ya Kichina ya chong imebeba viumbe wengi kuliko mdudu wa Kiingereza. Inaonekana kama kipande ndani ya alama za nyoka, chura, kamba wa baharini, popo, na hata upinde wa mvua. Kaskazini mwa China nyoka huitwa changchong, mdudu mrefu. Katika hadithi za kale chui milia huitwa dachong, mdudu mkubwa. Nilipolisikia hilo nilikumbuka nyumbani kwetu, ambako usiku tulikatazwa kumtaja nyoka kwa jina. Ukimwona unasema kuna mdudu. Hofu ina tabia ya kutafuta jina dogo.

Mwaka 1999 dunia ilipotishwa na kompyuta zilizohifadhi mwaka kwa tarakimu mbili, mimi nilikuwa mtoto mdogo sana nisiyejua kitu. Wachina wakaliita tatizo hilo qiannianchong, mdudu wa miaka elfu. Jina zuri kiasi kwamba linafaa kuwa la joka la hadithini. Na Taiwan wakapata mdudu wao wa pili. Kalenda yao inahesabu kuanzia mwaka 1912, hivyo mwaka 2011 ukawa mwaka wa 100. Programu zilizotunza mwaka kwa tarakimu mbili zikawa hatarini tena, na tatizo likaitwa bainianchong, mdudu wa miaka mia.

Lakini katika maongezi ya kila siku waandishi wa programu wa China hawatafsiri. Wanasema "bug" tu. Tatizo ni matamshi. Silabi ya Kichina sanifu haiishii kwa "g", hivyo ulimi unaongeza irabu: ba-ge. Usiwacheke, maana sisi tunafanya vivyo hivyo tukisema bagi! Na bage, kwa bahati, ni neno halisi la Kichina: ni jina la ndege mweusi wa jamii ya kwenzi, anayeweza kufundishwa kuiga sauti za watu. Kwa hiyo vijana wa michezo ya kompyuta huandika kwa utani kwamba wamekuta bage ndani ya mchezo. Mdudu kageuka ndege, tena ndege anayekula wadudu.

Maneno rasmi nayo yapo. Cuowu ni kosa. Quexian ni kasoro. Loudong ni tundu linalovuja, neno linalotumika pia kwa mwanya katika sheria. Tofauti hizi si za mapambo. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 kanuni za China zinamtaka mtengenezaji wa bidhaa za mtandao akigundua loudong ya usalama airipoti serikalini ndani ya siku mbili. "Bug" ya kawaida unaitengeneza ukaenda kulala. Loudong ina saa inayohesabu.

Nani mwenye mdudu?

Hapa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikae niandike.

Mwaka 1988 Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekuwa mmoja wa magwiji wa fani yetu, aliwasihi wenzake waache kusema "bug" na waseme "kosa". Hoja yake ilikuwa nyepesi: mdudu ni kiumbe anayejiingiza mwenyewe wakati wewe unatazama pembeni. Kosa lina mtu aliyelifanya. Ukiliita mdudu umejivua lawama.

Ukitaka kuona uzito wa hoja hiyo, tazama Uingereza. Kampuni ya Post Office ilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, mwaka 1999. Mfumo ulikuwa ukionyesha upungufu wa fedha katika vituo vya posta, fedha ambazo hazikuwa zimepotea. Wasimamizi wa vituo wakaambiwa wameiba. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wapo waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa.

Mwaka 2013, wachunguzi wa nje walipokuwa karibu kutoa ripoti juu ya mfumo huo, Paula Vennells, mkuu wa kampuni, aliwaandikia wenzake akitafuta neno lisilochoma kama "bug". Alikuwa amemuuliza mumewe, naye akapendekeza maneno mawili, ambayo kwa Kiswahili ni kama "hali ya pekee" na "jambo lisilo la kawaida". Barua pepe hiyo ilisomwa hadharani mbele ya tume ya uchunguzi mwezi Mei 2024.

Fikiria hilo. Kwa Dijkstra neno "bug" lilikuwa laini mno. Kwa wakubwa wa posta lilikuwa kali mno. Desemba 2019 jaji wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mfumo ulikuwa na wadudu, makosa na kasoro, akiyaweka maneno yote matatu pamoja pasiwe na pa kukimbilia. Mei 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa jumla katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini.

Kumbuka pia upande uliodhulumiwa. Msimamizi wa posta alisema, "Kuna tatizo kwenye mfumo." Akajibiwa kwamba mfumo hauna tatizo. Mashine iliaminiwa kuliko mtu, kwa sababu kila aliyeijua hakutaka kutamka neno dogo la herufi tatu.

Katika haya yote, wenzangu wa China wana utani mmoja ambao naupenda. Ukimwuliza unafanya nini, atajibu: xie bug, naandika wadudu. Hasemi ameingiliwa na mdudu. Anasema anamwandika, kwa mkono wake mwenyewe, mstari kwa mstari. Sijui kama walimsoma Dijkstra, lakini angefurahi.

Na sisi je?

Kiswahili hakina uhaba. Tuna hitilafu, kasoro, dosari na kosa. Hitilafu hutokea, kama umeme unavyokatika. Kasoro ipo ndani ya kitu. Dosari hupunguza uzuri wa kitu. Kosa hufanywa na mtu. Mteja akifika dirishani salio lake halilingani, akaambiwa kuna hitilafu ya mitambo, hapo hakuna wa kuulizwa. Akiambiwa tumekosea, anajua wa kumdai.

Sisemi tuache kusema "bug". Neno limeshaota mizizi, na mimi kesho asubuhi nitalitamka kabla ya chai. Tukiwa wenyewe kwa wenyewe halina madhara. Lakini unapomwandikia aliyeumia, aliyekatwa pesa mara mbili au aliyenyimwa huduma kwa sababu ya mistari tuliyoandika, mwite mdudu kwa jina lake: kosa letu. Wahenga walisema dudu liumalo usilipe kidole. Hili letu huuma vidole vya watu wengine.

Kwa wanaojifunza Kiingereza, au Kichina, au vyote viwili: je, lugha yako ya nyumbani humwitaje mdudu huyu? Niandikieni, nina hamu ya kujua. Tukutane wiki ijayo, nitarudi kwenye msimbo.